Pasi za Komora Uwanjani Garsen

Jumatatu, 1 Agosti 1955

Basi la Malindi limechelewa tena. Magazeti yamefika yamelowa mafuta ya taa, ukurasa wa barua hausomeki vizuri. Nimeusoma hivyo hivyo. Mhariri ameitupa barua yangu mara nyingine, nafasi amempa bwana mmoja anayedai kuwa watu wa Tana hawana kazi ila kungoja mvua. Kungoja! Mtu ambaye hajawahi kuuvuka mto huu. Nimeanza kumjibu. Jibu kali.

Dukani: unga, chumvi, majani ya chai. Wateja haba, ng'ombe tele. Kiangazi kimewashusha wafugaji wote mtoni, vumbi limeingia hata kwenye sukari.

Jioni mazoezi. Komora, senta-hafu wetu mpya, alikuja moja kwa moja kutoka pantoni ya kuvushia watu mtoni, viganja vimechubuka kwa kuvuta kamba mchana kutwa. Hakulalamika. Alinawa uso, akaingia uwanjani. Akatoa pasi yake ya kwanza, nzuri kama zote. Ikaenda mahali pasipo mtu.

Jumatano, 3 Agosti

Hali ile ile. Pasi, hakuna mtu. Pasi, hakuna mtu.

Niandike hapa, maana nikisema barazani wataniona mpiga domo: sijaona senta-hafu kama huyu. Nimeishi Mombasa miaka mingi. Nimeziona timu za bandari, za reli, za mabaharia waliovaa viatu. Hakuna. Nilimwona Komora kwao Kau, peku, kwenye udongo laini wa kando ya mto. Haukimbizi mpira. Anasimama katikati, kichwa juu, anaugusa mara moja tu, na mpira unakwenda kumngoja mwenzake mahali ambapo mwenzake mwenyewe hajajua kuwa ataelekea. Wenzake wa Kau walikuwa wakifika. Kila mara. Nilirudi Garsen usiku ule sikupata usingizi kwa raha.

Baada ya Idi nikaenda kumwomba. Mjomba wake, ambaye ndiye mwenye neno pale, alinisikiliza nikihutubu mpaka nikakauka koo. Mwisho akasema, "Mchukueni. Lakini akitoka hapa kwenda kuwachezea wale wachunga ng'ombe, asinirudie akilia."

Kazi ya pantoni tulimtafutia sisi. Msimamizi anapenda mpira. Kazi ipo maadamu Komora anacheza. Halikuandikwa popote, ila kila mtu analijua, na Komora analijua kuliko wote.

Jumapili, 7 Agosti

Chara 3, Garsen 1. Kwetu! Kwenye uwanja wetu wa mnada, mbele ya magoli yetu ya miti ya mikoma!

Komora alitoa pasi ambazo wachoraji wangezichora. Zote zilipita mbele ya Bonaya, senta-fowadi wetu, kijana wa Kiorma mwenye miguu ya swala. Bonaya alisimama wima akazitazama zikipita, kwa adabu, kama anayetazama harusi ya watu wengine. Nilipiga kelele "Kimbia! Kimbia wewe!" hadi sauti ikakatika. Hakunitazama.

Watu wa Chara wakaanza: "Senta wa Kau, unampasia nani? Jini?" Kufikia mwisho hata watu wetu walikuwa wakicheka. Mwanamke mmoja muuza maziwa alisema ni heri tungewapa Chara huyo bwana, yeye na wao wote ni Wapokomo, tayari ni kitu kimoja.

Komora alitoka uwanjani ameinamisha kichwa. Sijawahi kuona kichwa kile kimeinama.

Jumatatu, 8 Agosti

Farah amekuja dukani kabla sijafungua vizuri. Farah ni kepteni wetu (mimi ni katibu wa timu), Msomali, ana duka la nguo mkabala na langu, na mpira wa timu hulala kwake.

"Katibu," akasema, "mtu wako anacheza na malaika. Mimi nina binadamu kumi."

Nikamwambia kosa si la anayetoa, ni la wasiopokea. Nikamweleza kwa mifano. Nikamtolea na vita vya kale. Alingoja nimalize, akanunua chumvi, akasema: "Tarehe ishirini na nane tunacheza na Kipini. Tukifungwa, wallahi, namtoa. Na msimamizi wa pantoni ameshaniuliza."

Kwa hiyo ndivyo hali ilivyo. Tukifungwa na Kipini, Komora hana timu, hana kazi, na Kau hawezi kurudi. Atakwenda wapi? Kukata miti kwa watu? Kijana mwenye kipaji kile!

Kipini ni kwetu mimi na mke wangu. Kepteni wao ni shemeji yangu Shee. Atanisimanga hadi niingie kaburini.

Alhamisi, 11 Agosti

Nimejua ugonjwa. Ni ukabila. Nimeandika kurasa nne bila kunyanyua kalamu: kwamba Mwafrika hatajitawala kamwe iwapo Mworma hataki kuupokea mpira kwa sababu umetoka mguuni mwa Mpokomo, kwamba mfugaji na mkulima wamegombania maji ya mto huu tangu mababu na sasa wanagombania upepo ndani ya ngozi, na mengine. Ni maandishi mazuri.

Bonaya alikuja kununua tumbaku ya baba yake. Nikamsomea yote.

Alisikiliza hadi mwisho. Kiswahili chake ni cha sokoni, lakini anaelewa. Akauliza, "Nani anachukia Komora?"

"Wewe!"

"Mimi hapana. Komora mtu mzuri."

"Basi mbona hukimbilii mpira wake?"

Alinitazama kama ninayeuliza mbona hali kwa mguu. "Yeye hapana ita mimi," akasema. Akachukua tumbaku, akaenda zake.

Nilimfuata hadi mlangoni nikimwambia kwamba mimi nilimwita, uwanja mzima ulimwita! Akageuka. "Wewe si mwenye maji, Bwana Katibu."

Ujeuri. Nimeongeza ukurasa wa tano.

Jumamosi, 13 Agosti

Komora amekuja kukaa nyuma ya duka. Mke wangu, Zuhura, alimpa chai na mkate wa kumimina. Hakula. Hapo nikajua ni mgonjwa wa moyo.

Nikamuuliza: Kau mlikuwa mkiitana vipi? Akafikiri. Hawakuitana. Hakuna aliyepaza sauti. Wamekua pamoja mtumbwini, akasema. "Ukitaka kuvuka ukatue kwenye mti ule, Bwana Katibu, huelekezi mtumbwi kwenye mti. Unaelekeza juu yake, kule mbali, na maji yatakushusha hadi mtini. Mpira ni hivyo. Simpi mtu pale alipo. Nampa pale atakaposhushwa."

Nimeyaandika maneno yake neno kwa neno. Nimesoma vitabu vingi vyenye majalada ya ngozi ambavyo havina sentensi moja kama hiyo.

Kisha akasema polepole, "Hapa hakuna maji, bwana. Ninaelekeza juu, na hakuna kinachoshuka."

Nilikosa la kusema. Zuhura alinitazama kwa mshangao. Haijapata kutokea.

Jumanne, 16 Agosti

Komora hakuja mazoezini.

Jumatano, 17 Agosti

Hakuja tena. Pantoni anafanya zamu ya mchana, lakini asubuhi hajulikani alipo. Farah anasema ametafuta timu nyingine. Muuza maziwa anasema ameonekana akienda upande wa malka, ile njia pana ambayo wafugaji hushushia mifugo mtoni. Kufanya nini huko? Mpokomo wa Kau, katikati ya ng'ombe wa Waorma, kiangazi hiki, wakati kila siku kuna kesi ya shamba lililoliwa? Nina hofu. Naona fimbo, naona damu.

Ijumaa, 19 Agosti

Nimekwenda mwenyewe asubuhi, kabla ya sala. Nimerudi nikiwa mtu mwingine, au angalau mwenye kurasa tano zisizo na maana.

Malka ilikuwa imejaa. Makundi kwa makundi ya ng'ombe, wamekaukiwa, wameyaona maji, wameyanusa. Na hawaendi! Nilidhani macho yananidanganya. Kila kundi limesimama juu ya ukingo pamoja na mchungaji wake. Chini, mtu mmoja amesimama majini hadi magotini. Ndiye mwenye maji kwa wakati ule. Anatazama juu, anapiga mluzi. Kundi moja tu linashuka. Mengine hayatikisiki. Likinywa likatoka, mluzi mwingine, tofauti na ule wa kwanza, na kundi jingine linashuka mbio, vumbi hadi mbinguni. Hakuna kusukumana. Hakuna ugomvi. Anayeshuka kabla ya kuitwa, binadamu au ng'ombe, amewatukana wote waliosimama.

Na Komora amekaa ukingoni, mikono magotini, anatazama kwa kichwa kile kilichoinuka. Kando yake Bonaya.

"Siku ya kwanza waliniuliza nataka nini," Komora akaniambia. "Nikasema nataka kujua mbona Bonaya anasimama. Walicheka sana. Mzee mmoja akasema, 'Kaa.'"

Amekaa siku zote hizi. Hakuhutubu, hakubishana, hakumwita mtu mkabila. Alikwenda mahali ambapo mwenzake hujifunzia kukimbia, akatazama. Namwonea fahari. Namwonea na wivu kidogo.

Bonaya hakumdharau hata siku moja. Alimheshimu! Mpira unatoka kwa mwenye maji, na mwenye maji hajaita. Basi mwungwana anangoja zamu yake. Na mimi nilikuwa kando ya uwanja nikimtaka apore.

Nilipoondoka, Komora alikuwa ametia midomo duara, anajaribu. Mluzi wa kundi la Bonaya unapanda, unakatika, unapanda tena. Uliotoka kwa Komora ulikuwa kama wa birika linalochemka. Wachungaji walianguka kwa kicheko. Hata ng'ombe, naapa, waligeuza vichwa.

Jumapili, 21 Agosti

Mazoezi. Komora alisimama na mpira katikati. Akapiga mluzi, ule wa kupanda na kukatika. Bonaya akaondoka.

Sina neno jingine. Akaondoka. Alikuwa hapo, kisha hayupo. Pasi ikapita juu ya mabeki, ikatua, na yeye akawa ameshafika, ameshatulia, kama vile wamepanga tangu utotoni. Farah alisimama mdomo wazi. Nilimwambia, "Binadamu kumi na mmoja sasa?" Akaomba naye afundishwe mluzi wake.

Kila mmoja amepewa wake. Kazungu, winga wetu Mgiriama ambaye hana hata mbuzi, ametaka mluzi wa kundi kubwa.

Nyumbani Zuhura alicheka hadi akakaa chini. "Baba Saidi! Umesoma vitabu vyote hivyo, mwisho mnaitana kama ng'ombe?"

Nikamwambia kwa Mworma kuitwa kama ng'ombe wake mwenyewe ni mapenzi.

"Basi na mimi nitafutie mluzi wangu," akasema. "Maana ukiwa na gazeti hujaniita tangu Ramadhani."

Alhamisi, 25 Agosti

Habari zimefika kwamba watu wa Kau watakuja kutazama, na mjomba mwenyewe yumo. Komora amezisikia. Leo mluzi wake ulitetemeka.

Shee ametuma salamu kwa dereva wa basi: nimwandalie majani kondoo dume tunayemshindania kama kombe, maana atamleta uwanjani na kuondoka naye tena mwaka huu. Zuhura ametuma salamu za kujibu. Sitaziandika.

Jumapili, 28 Agosti

Nitaandika kwa taratibu.

Mwamuzi alikuwa dresa, mfunga vidonda wa zahanati, mtu wa haki na mwenye miguu mibovu. Watu walizunguka uwanja mzima: wafugaji na fimbo zao, wenye maduka, wakulima, Kau wamejitenga upande wao. Mjomba amesimama mbele yao, mikono nyuma.

Kipini walifunga mapema. Wanacheza vizuri, lazima niseme, ni watu wa kwetu. Shee alipita mbele yangu akaniinamia kama mwenye kutoa pole.

Kisha Komora akapata mpira, akapiga mluzi. Bonaya akaondoka. Na beki wa Kipini akasimama kabisa, mikono kiunoni, akimtafuta mwamuzi! Alidhani ni filimbi. Bonaya akafunga peke yake.

Vurugu. Shee alikimbia hadi kwa dresa. "Bwana, hawa watutilia milio ya ng'ombe! Twacheza mpira ama twanywesha?" Mimi nami nikaingia uwanjani, ingawa sina haki, nikaanza hoja ya kwanza. Dresa alituinulia mikono wote. "Bao ni bao," akasema. "Lakini filimbi hapa ni moja, na ninayo mimi. Atakayepiga mluzi tena atatoka nje."

Hapo moyo wangu ukazimika. Kazi yote ya malka, kwa sentensi moja. Na sikuweza hata kumkasirikia, maana alisema kweli.

Mapumzikoni Komora hakuketi. Alisimama akiangalia upande wa Kau. Farah alitaka kumwambia neno, akaliacha. Bonaya alikunywa maji polepole, akanawa miguu. Nikajua tumekwisha: Bonaya hataitwa, na asipoitwa atasimama.

Kipindi cha pili Kipini wakafunga la pili. Komora hakutoa pasi yoyote ya mbele. Alikuwa akiutoa mpira kando, miguuni, karibu, kama mtu yeyote. Kuliko kufungwa, hilo ndilo liliniuma. Msimamizi wa pantoni alikuwa amekaa karibu nami. Akatikisa kichwa, akainuka kuondoka.

Mwishoni kabisa, Komora akapata mpira katikati. Nikaona midomo yake ikijikusanya. Nikaona akiifunga. Akainua kichwa. Mbele hapakuwa na mtu. Kushoto Kazungu alikuwa huru, karibu, pasi ya mtoto. Kila mtu alijua ataitoa kwa Kazungu.

Akaupiga mbele. Juu, mbali, mahali patupu, kama ule mtumbwi.

Na Bonaya alikuwa ameshaondoka.

Sijui aliondoka lini. Nadhani kabla ya mguu kugusa mpira. Hakuna aliyemwita, hakuna mluzi, hakuna sauti uwanja mzima, na alikuwa akikimbia kama mwenye haki ya kukimbia. Mpira ulimshukia mguuni. Mbili kwa mbili. Dresa akapuliza filimbi yake ile moja, mchezo ukaisha.

Sikumbuki nilivyofika katikati ya uwanja. Nilimshika Bonaya mabega, nikamuuliza mbona amekwenda bila kuitwa. Alikuwa akihema.

"Komora ameniita tayari," akasema. "Wiki iliyopita. Mtu hapana itwa mara mbili kwa maji moja."

Farah akaja. Nilijitayarisha kumthibitishia kwamba sare si kufungwa, na kwamba alisema "tukifungwa" mbele ya chumvi yangu. "Nyamaza, Katibu," akasema. "Nani amekuuliza?" Akauokota mpira, akaupangusa vumbi kwa kanzu yake nzuri, akampa Komora. "Utalala kwako kuanzia leo." Msimamizi wa pantoni alikuwa amerudi. Akamwambia Komora asichelewe kesho asubuhi, akiwa amenuna, lakini kila mtu alielewa.

Kondoo amebaki kwa Kipini, maana wao ndio walikuwa naye tangu mwaka jana. Shee akamvuta kwa kamba akaondoka, na hakuna mtu wa Garsen aliyemtazama hata mkiani.

Mjomba wa Kau alikuja mwisho. Watu wakampisha. Alimtazama mpwa wake, akautazama mpira ulio kwapani mwake, akamtazama Bonaya.

"Kumbe umewafundisha wachungaji kupiga kasia," akasema.

"Bado, mjomba," Komora akajibu. "Kuogelea hawajui."

Mzee alicheka. Bonaya naye alicheka, ingawa sidhani alielewa.

Jumatatu, 29 Agosti

Sauti imenikauka. Zuhura anasema ni neema.

Asubuhi nimevuka na pantoni kupokea magunia ya chai. Watu wachache: mimi, mwanamke na kuku wake, baiskeli ya mtu. Komora kwenye kamba. Amefunga viganja kwa kitambaa, anavuta taratibu, mgongo unakwenda na kurudi. Mto umepungua, maji ni ya rangi ya chai ya maziwa.

Barua ya yule bwana wa gazetini ilikuwa mfukoni mwangu, na jibu langu kali. Nimelisoma upya juu ya maji. Alisema watu wa Tana wanajua kungoja tu. Nimefuta jibu lote, nimeacha mstari mmoja: kwamba hajui kungoja ni kazi.

Katikati ya mto Komora alianza kupiga mluzi, kwa sauti ya chini, bila kujua. Unapanda, unakatika, unapanda tena. Ameujua sasa, hautetemeki.

Ng'ambo, ng'ombe mwekundu wa kina Bonaya akainua kichwa, akaanza kushuka ukingoni.

Komora akanyamaza haraka, akaniangalia kwa aibu. Ng'ombe naye akasimama, miguu ya mbele majini, akitutazama. Kisha akainama, akanywa.